Kabla ya Rajamouli, kamera ilishafika Turkana

Mwezi wa Septemba 2025 baraza yetu hapa Mombasa ilikuwa na habari moja tu. S. S. Rajamouli, mwelekezi wa filamu za Kitelugu aliyetupa Baahubali na RRR, alikuwa Kenya. Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alikutana naye Nairobi, kisha akautangazia umma kwamba mgeni huyo amekuja na kikosi cha watu 120 na kwamba mandhari ya filamu yake mpya ni Masai Mara, Naivasha, Samburu na Amboseli.

Kwa watu wa pwani habari kama hiyo haihitaji maelezo. Sisi tumelelewa na sinema za Kihindi. Wazee wetu walipanga foleni Regal na Naaz, na mama zetu wanaimba mpaka leo nyimbo ambazo maneno yake hawayajui. Vijana wa sasa wanaipenda RRR bila hata kujua kwamba Kitelugu na Kihindi ni lugha mbili, kwa sababu wao wameipata ikiwa imeshatiwa sauti nyingine. Barazani kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mmoja alihesabu pesa zitakazobaki nchini, mwingine akalalamika kwamba Lamu haikutajwa.

Mimi katika orodha ile ya mahali nilitafuta jina jingine, Turkana, na halikuwapo. Nalitafuta kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo nilikaa wiki kadhaa Lodwar na Kakuma kikazi, na huko ndiko nilikoanza kufuatilia kisa cha mwelekezi mwingine ambaye watu wetu hawamjui. Huyo hakuja na watu 120. Alikuja na mkewe, basi. Yeye alishika kamera, mkewe akashika mitambo ya sauti, na wawili hao wakatengeneza kwa wafugaji wa Turkana filamu tatu ambazo wanafunzi wa vyuo vikuu Ulaya na Marekani bado wanazitazama, nusu karne baadaye. Anaitwa David MacDougall, na mkewe ni Judith MacDougall.

Nianze na Lodwar yenyewe, maana kwa wengi wetu hilo ni jina la adhabu. Mtumishi wa serikali akikosana na mkubwa wake, utani wa ofisini ni kwamba atahamishiwa Lodwar. Historia nayo imechangia. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, na alipotolewa gerezani mwaka 1959 aliwekwa Lodwar asiruhusiwe kuondoka, mpaka 1961. Mkoloni alipachagua kwa sababu aliona ni mbali na kila kitu. Nilipofika mimi nilikuta mji wenye joto kama letu, ila hauna upepo wa bahari. Kando ya mto Turkwel kuna mikoma, ile ile ya kwetu, na wanawake wanasuka vikapu kwa majani yake kama mabibi zetu wanavyosuka kwa miyaa. Mtu aliyesema pale ni mwisho wa dunia, sijui alikuwa amesimama wapi.

Sasa turudi kwa mwelekezi wetu. David MacDougall ni Mmarekani, alizaliwa 1939. Alisoma Harvard, kisha yeye na Judith wakasomea filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakati ambapo chuo hicho kilikuwa na mafunzo ya kutengeneza filamu kuhusu maisha ya watu wa tamaduni mbalimbali. Mwaka 1968 walikwenda Karamoja, Uganda, wakakaa na Wajie. Kutokana na safari hiyo zilitoka filamu tatu. Kubwa kati yake ni To Live with Herds, yaani Kuishi na Mifugo, ambayo mwaka 1972 ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Venice, Italia. Nyingine ndogo, ya mwaka 1970, inaitwa Nawi. Neno hilo kwa Wajie ni kambi ya muda ambako ng'ombe hupelekwa wakati wa kiangazi kufuata majani. Tafadhali liweke akilini, tutalikuta tena.

Wajie na Waturkana ni ndugu. Lugha zao zinasikilizana, na masimulizi ya Waturkana wenyewe yanamtaja mwanamke aitwaye Nayeche aliyetoka upande wa Wajie akaishukia nchi hii tambarare. Kwa hiyo MacDougall na mkewe walipovuka kuja Kenya hawakuwa wanaanza upya kabisa.

Ili kuelewa kwa nini watu wawili hawa ni muhimu, lazima ujue filamu za aina hiyo zilikuwaje kabla yao. Mzungu alikuja na kamera, akapiga picha za watu wakicheza ngoma, wakichinja, wakikamua maziwa. Akarudi kwao, akatia sauti ya msimulizi mmoja anayeeleza kila kitu kwa Kiingereza: hawa ni watu fulani, wanaamini hivi, sasa mzee anakasirika. Unamwona mzee midomo inacheza, mikono inapungwa, lakini anachosema hukisikii. Amekuwa kama samaki ndani ya chupa. Hata sisi wa pwani tumepigwa picha hivyo mara nyingi. Jahazi linapita, buibui linapita, muadhini anasikika kwa mbali, na hakuna hata mtu mmoja aliyepewa nafasi ya kumaliza sentensi.

MacDougall na mkewe walimwondoa msimulizi, wakaacha watu wazungumze kwa lugha yao, kwa urefu, wakatafsiri maneno yao kwa maandishi chini ya picha. Leo jambo hilo ni la kawaida mno, kila tamthilia ya Kituruki tunaitazama hivyo. Lakini katika filamu za hali halisi kuhusu Waafrika, mwishoni mwa miaka ya 1960, wao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulifanya kwa makusudi. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyosikika. Mtazamaji wa London au Chicago ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameambiwa kwamba mfugaji ni mtu wa mila tu, ghafla anamsikia mfugaji akifanya mzaha, akipiga hesabu, akimsema jirani yake, akilaumu serikali.

Turkana waliingia mwaka 1973 na kupiga picha mpaka 1974. Filamu tatu zilizotoka huko, kati ya 1977 na 1981, zinaitwa kwa pamoja Turkana Conversations, yaani Mazungumzo ya Turkana, na jina limelenga. Ya kwanza ni Lorang's Way, Njia ya Lorang. Lorang ni mzee mwenye boma, mwenye wake na mifugo mingi, mtu wa kuheshimiwa. Wengi waliomzunguka, hata mwanawe, wanaona maisha yao yataendelea vile vile siku zote. Yeye haamini hivyo. Amekwishaonja ulimwengu wa nje, na anajua kwamba ulimwengu huo unakuja na hautabisha hodi. Filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du Réel huko Paris mwaka 1979.

Ya tatu, A Wife Among Wives, Mke Kati ya Wake, imewapa nafasi wanawake waeleze ndoa wanavyoiona wao: kwa nini mke anaweza kutaka mumewe aoe mwingine, wake wenza wanasaidiana vipi, na ni wapi mfumo huo unamkandamiza mmoja mmoja.

Lakini iliyonishika mimi ni ya katikati, The Wedding Camels, Ngamia wa Arusi, ambayo mwaka 1980 ilipewa tuzo ya filamu ya Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya Uingereza. Ina dakika 108 na kisa chake ni kimoja tu, mahari. Akai, binti wa Lorang, anaolewa na Kongu. Kongu si kijana, ni rafiki na mtu wa rika moja na baba wa binti. Kwa kuwa wazee hawa wawili ni marafiki, kila mtu anadhani mambo yatakwenda sawa. Hayaendi. Kongu anataka kutoa vizuri ili aonekane mtu, lakini akitoa ngamia wengi mno zizi lake litabaki tupu. Lorang anataka kumstahi rafiki yake, lakini nyuma yake wamo wake zake na jamaa zake, na kila mmoja ana haki ya kupata mnyama wake katika mahari hiyo. Akikubali kidogo, watasema amemuuza binti kwa bei ya urafiki.

Msomaji wa pwani hahitaji mwalimu wa kumfafanulia hilo. Badala ya ngamia tia kilemba cha baba, mkaja wa mama, kipamkono, na yule shangazi ambaye hakuna aliyemkumbuka mpaka siku ya posa. Tunajua jinsi watu wawili wanaopendana wanavyoweza kugombana kwa sababu kila mmoja ametumwa na ukoo wake. Tunajua pia jinsi mtu anavyosema "hatutaki kitu, tunataka heshima tu" huku akihesabu. Nilipoitazama filamu ile nilicheka mahali ambapo sikutarajia kucheka, kisha nikaona aibu kidogo, maana nilikuwa nimekwenda Turkana nikidhani naenda kwa watu tofauti.

Kuna thamani nyingine ambayo waliotengeneza filamu hawakuweza kuijua wakati ule. Walipiga picha ukingoni mwa mabadiliko. Mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikasambaa Karamoja na kuvuka mpaka. Wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Kati ya 1979 na 1981 ukame na maradhi ya mifugo yakaimaliza mifugo ya familia nyingi za Turkana, na watu wakahamia kwenye vituo vya chakula cha msaada. Mtu anayetaka kuona boma lilivyokuwa likiendeshwa miaka michache kabla ya hayo, mzee akibishana juu ya ngamia kwa sababu ngamia walikuwapo wa kubishaniwa, ana saa nne na zaidi za picha na sauti. Siku hizi ukisema ngamia na Turkana kwa pamoja, mtu wa Nairobi anafikiria Ngamia 1, kisima cha mafuta kilichogunduliwa mwaka 2012.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sifa tupu si haki. Hao walikuwa wageni wawili wenye kamera, na wao ndio walioamua nini kibaki na nini kikatwe. Maneno ya Lorang yalitafsiriwa kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi filamu hizo zimesambazwa kutoka Marekani, kwa ajili ya vyuo vikuu na maktaba, kwa bei ambayo shule ya Lodwar haiwezi kuigusa. Na katika Ngamia wa Arusi wenye usemi mkubwa ni wazee. Mahari inajadiliwa mbele yetu kwa zaidi ya saa moja na nusu, lakini yule anayetolewa mahari ndiye tunayemsikia kidogo.

Cha kumpongeza MacDougall ni kwamba swali hili alilianza yeye mwenyewe. Mwaka 1975, filamu za Turkana zikiwa bado hazijatoka, aliandika makala iliyokuja kusomwa sana, akisema kwamba haitoshi mwenye kamera kukaa pembeni na kutazama kimya kimya kama hayupo. Kufanya hivyo, kwa maoni yake, ni namna ya kujificha. Wanaopigwa picha washirikishwe katika kutengeneza filamu, waseme ni nini muhimu kwao.

Maisha yake ya baadaye ni kama safari ndefu ya kulijaribu wazo hilo. Mwaka 1974 ilitoka pia Kenya Boran, aliyoitengeneza na James Blue huko Marsabit, kuhusu wafugaji wa Boran na watoto wao wanaosimama kati ya ng'ombe na shule. Kuanzia 1975 yeye na Judith walihamia Australia, wakatengeneza filamu na wenyeji wa asili wa huko kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya mwingine mpaka miaka ya 1980. Kisha Sardinia kwa wachungaji wa mbuzi. Kisha India, ambako alikaa na wanafunzi wa Doon School na kutoa mfululizo wa filamu kuhusu maisha ya bwenini. Mwaka 2007 ilitoka SchoolScapes, iliyopigwa katika shule ya Rishi Valley, Andhra Pradesh. Naam, katika jimbo la Watelugu, nchi ya lugha ya Rajamouli. Dunia ni ndogo kwa wenye kamera. Na mwishoni, katika mradi wake kuhusu utoto nchini India, aliwapa watoto wenyewe kamera, akawafundisha kuzitumia, akawaacha wachague cha kupiga. Mtu aliyeanza Karamoja akiwaandikia watu maneno yao chini ya picha alimaliza kwa kuwakabidhi chombo chenyewe.

Turkana nako chombo kilibadilisha mikono, na kwa njia ambayo haikupitia kwake. Kilipita Kakuma.

Kakuma iko kaskazini magharibi mwa Lodwar, kilomita 120 hivi, kwenye barabara ya kwenda Lokichoggio na Sudan Kusini. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, walipowasili maelfu ya watoto wa kiume kutoka Sudan waliokuwa wametembea nchi baada ya nchi bila wazazi. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yaliongezwa jirani, na leo wakimbizi wa pande zote mbili wamepita laki mbili kwa mbali. Kiswahili hakikupi taabu pale. Wakongo wamekuja na chao, Warundi na chao, Wasomali wanakizungumza kwa kasi ya dukani, na mwenyeji wa Kiturkana anakisikia chote na kuchekea chetu cha Mombasa. Mimi niliambiwa ninazungumza kama redio.

Dunia ya sinema iliifahamu Kakuma mapema, lakini kwa mtindo ule ule wa zamani. Lost Boys of Sudan, filamu ya hali halisi ya mwaka 2003 ya Megan Mylan na Jon Shenk, inawafuata vijana wawili kutoka kambini mpaka Marekani. Mwaka 2014 Hollywood ikatoa The Good Lie, iliyoelekezwa na Philippe Falardeau, ambamo Kakuma ni mahali muhimu kabisa katika hadithi. Ila Kakuma unayoiona ndani yake ilijengwa Afrika Kusini. Filamu ina mema yake, waigizaji kadhaa walikuwa wenyewe wamepitia vita na ukimbizi, lakini vumbi lile si la Turkana. Mtu wa Kakuma anaweza kuitazama na asiuone mlima hata mmoja anaoujua.

Jambo la maana zaidi lilikuwa likitendeka kambini kwenyewe bila kelele. Shirika la FilmAid, lililoanzishwa 1999 wakati wa vita vya Kosovo, lilianza kazi Kakuma mwaka 2001. Mwanzo lilikuwa la kuonyesha: gari linakuja jioni, pazia kubwa linatundikwa, watu wanakaa chini kwa mamia, wanatazama filamu pamoja na mafunzo ya afya na amani. Baadaye likaanza kufundisha. Vijana wakimbizi na wa Turkana wakajifunza kuandika hadithi, kushika kamera, kukata picha, na kazi zao zikaonyeshwa kwa majirani zao kwenye pazia lile lile. Kutokana na mafunzo ya namna hiyo pamezuka watu wenye majina yao. Mmoja ni Amina Rwimo, mkimbizi kutoka Kongo, mwelekezi aliyeshiriki kuanzisha kundi la Exile Key Films hapo hapo kambini na anayezungumzia ukatili dhidi ya wanawake katika kazi zake. MacDougall alitaka wanaopigwa picha washiriki. Vijana hawa hawashiriki katika filamu ya mtu, filamu ni yao.

Ndipo tunapolikuta tena lile neno. Mwaka 2024 ilitoka filamu ndefu iliyotengenezwa Turkana, na jina lake ni Nawi. Miaka 54 baada ya ile ndogo ya Wajie. Sidhani waliopanga jina waliifikiria ile ya zamani. Safari hii Nawi ni binti wa miaka 13 ambaye amefanya vizuri mtihani wa mwisho wa shule ya msingi kuliko wote katika kaunti yake na anataka kwenda sekondari. Baba yake ana mpango mwingine. Kuna mtu mwenye mali, na mahari imekwisha kutajwa: kondoo 60, ngamia 8, mbuzi 100. Binti anatoroka.

Unaona kilichotokea? Ni mazungumzo yale yale ya Ngamia wa Arusi, wanyama wale wale, hesabu ile ile. Kilichohama ni mahali kamera iliposimama. Mwaka 1974 ilikaa na wazee chini ya mti wakibishana. Mwaka 2024 imekaa na mtoto anayesikia hesabu hiyo akiwa upande wa pili. Sisemi ya pili inaifuta ya kwanza. Akai hakuwa mtoto wa miaka 13 na Lorang hakuwa baba katili, na mtu akitazama Nawi peke yake anaweza kuondoka akidhani mahari ni biashara ya ng'ombe tu, jambo ambalo Ngamia wa Arusi inalikanusha kwa subira kubwa. Lakini sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka umri wa kuolewa kuwa miaka 18, na kila mtu Turkana, kama kila mtu Kwale na Kilifi, anajua umbali uliopo kati ya sheria na boma. Ukizitazama zote mbili utaona mambo mawili kwa pamoja, uzito wa mila na bei yake.

Waelekezi wa Nawi ni wanne: Vallentine Chelluget, Apuu Mourine ambaye anatoka Turkana, na ndugu wawili Wajerumani, Kevin na Toby Schmutzler. Hadithi ni ya Milcah Cherotich, aliyeibuka mshindi katika shindano la uandishi. Michelle Lemuya Ikeny, aliyemwigiza Nawi, hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, na mwaka huo huo akapewa tuzo ya mwigizaji chipukizi katika tuzo za filamu za Afrika, AMAA. Kenya ikaichagua filamu kuiwakilisha nchi katika kinyang'anyiro cha Oscar. Haikufika kwenye orodha ya mwisho.

Hapa wasomaji wa Lamu watakuwa wameshakumbuka Subira. Filamu ile ya Ravneet Sippy Chadha, ya binti wa Lamu anayetaka kuogelea baharini na badala yake anaozwa, ndiyo Kenya iliyoichagua kwa Oscar mwaka 2019. Mara mbili nchi imejitambulisha duniani kwa binti wa pembezoni na ndoa asiyoitaka, mara moja pwani na mara moja Turkana. Naikumbuka mijadala iliyokuwapo kwetu: wengine walisema ukweli umesemwa, wengine wakasema tumeaibishwa. Kilichonikera mimi katika mijadala ile ni kwamba wengi waliokuwa wakibishana hawakuwa wameiona filamu yenyewe.

Lodwar hali ni ile ile kwa kazi ya MacDougall. Niliuliza watu wengi, mwalimu mmoja, wafanyakazi wa ofisi, vijana wanaopiga video za arusi kwa kamera nzuri kuliko aliyokuwa nayo David mwaka 1973. Nawi waliijua wote. Lorang hakuna aliyemsikia. Kaunti ina tamasha lake la utamaduni, Tobong'u Lore, linalojaza mji wa Lodwar kwa ngoma na wageni kutoka nchi jirani. Sioni kwa nini usiku mmoja wa tamasha hilo lisitundikwe pazia, filamu hizo tatu zikaonyeshwa kwa wajukuu wa watu waliomo ndani, zikiwa na tafsiri ya Kiswahili kwa sisi wengine. Nakala zipo, wenye haki nazo wanajulikana. Kinachohitajika ni barua na bajeti ndogo kuliko ya mahema.

Siku yangu ya mwisho nilimwonyesha kijana wa bodaboda aliyekuwa akinizungusha mjini kipande kifupi nilichokuwa nacho kwenye simu. Alizima pikipiki kwanza asikie vizuri. Aliangalia dakika mbili hivi bila kusema kitu, kisha akaomba nirudishe nyuma, halafu tena. Nikadhani amemtambua mtu. Akasema la, ni neno moja alilotamka mzee, la kumtaja ngamia wa namna fulani. Bibi yake alikuwa akilitumia, na tangu amfariki hakuwahi kulisikia kwa mtu yeyote. Nikatazama tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, pale ilikuwa imeandikwa "ngamia" tu.

"Hii yote iko wapi?" akaniuliza. Nikamwambia iko Marekani. Akanirudishia simu na kuwasha pikipiki.